Krismasi ya Nyumbani: Tusherehekee na Watoto Wetu Bila Kuwapa Pombe

(Maneno ya Mhazini kwenye mkutano wa wanachama waishio Dar es Salaam, wa maandalizi ya safari ya Desemba)



Mwenyekiti amenipa mambo mawili ya kusema. La kwanza ni hesabu za mwaka, nazo mmeshagawiwa kwenye karatasi. Mwenye swali nitamjibu baada ya chakula. La pili ni pombe na watoto wetu wakati wa sikukuu, na kwa hilo nimeomba muda wangu wote uliobaki.

Kazi ya mhasibu ni kuuliza maswali matatu: mali imetoka wapi, imepitia mkono wa nani, na imeishia wapi. Chukueni pombe anayokunywa mtoto wa miaka 14 kule Marangu mwezi wa Desemba, muiulize maswali hayo hayo. Imetoka kwetu tuliopanda nayo kutoka mjini. Imepitia mikono yetu kwenye sherehe zetu wenyewe. Imeishia kwa mtoto wetu. Tumezoea kulaumu wenye baa na vijana wa mtaani. Baa zina lawama zake, nitazitaja. Lakini pombe nyingi ya watoto mwezi huo hainunuliwi nao. Wanapewa, au wanaikuta imeachwa wazi.

Mnaijua Desemba yetu. Kuanzia tarehe 20 mabasi ya stendi ya Magufuli yanajaa, na tangu treni ya Moshi iliporejea Desemba 2019 kuna wanaopanda kwa reli. Himo pale foleni haiendi. Nyumba iliyokuwa na bibi na mjukuu mmoja inapokea watu ishirini kwa usiku mmoja. Halafu sherehe zinafuatana: ubatizo, Kipaimara, sendofu, harusi, shukrani ya kumaliza msiba, kikao cha ukoo. Kila sherehe ina vinywaji, na kila sherehe ina watoto. Wapo wanaoishi nyumbani na waliokuja na sisi. Wapo pia waliomaliza Kidato cha Nne mwezi wa Novemba, hawana shule, wanangoja matokeo na mchana wote ni wao.

Pombe inawafikiaje? Tazameni kwenye uwanja wa nyumba yoyote. Mtoto ndiye anayetumwa stoo kuleta bia. Yeye ndiye anayefungua, anayemimina, na jioni ndiye anayekusanya chupa, na chupa nyingi zina mabaki. Mjomba aliyefurahi anamwita: "Njoo uonje, uwe mwanaume." Shangazi na baba wadogo kila mmoja anampa noti, na ikifika jioni ana fedha ambazo hajawahi kushika mwaka mzima, na duka la pembeni halimuulizi umri. Usiku wa mwaka mpya anasema anakwenda mkesha kanisani, nasi tunaridhika, wala hatuulizi amerudi saa ngapi na nani.

Kipaimara ndicho kinachonisumbua zaidi. Mtoto wa miaka 15 asubuhi anasimama mbele ya usharika, anathibitisha imani yake. Saa nane mchana tunamketisha meza kuu na kumpa shampeni aifungue watu wapige vigelegele. Saa kumi na mbili jioni wageni wake wamelewa, na rafiki zake wa darasa la Kipaimara wako nyuma ya nyumba na chupa. Sherehe ilikuwa ya mtoto, ila sisi tuliigeuza ikawa ya watu wazima, naye akabaki pembeni akituiga.

Nitasema jambo moja lililotokea kwetu sikukuu iliyopita. Wazazi wameniruhusu kulisema bila jina. Ilikuwa ubatizo. Kijana wa miaka 15 alikunywa pombe kali pamoja na binamu zake wawili. Kufika saa tatu usiku hakuonekana, lakini nyumba ilikuwa na wageni wengi, kila mmoja akadhani amelala kwa baba mdogo. Bibi yake ndiye aliyetoka kuangalia ng'ombe akasikia mtu anakoroma kwenye migomba. Alikuwa wa baridi, ametapika, na matapishi yamemjaa mdomoni. Uani palikuwa na magari saba. Dereva asiyekunywa hakupatikana hata mmoja. Ilichukua karibu saa nzima kumpata jirani wa kuwapeleka hospitali. Kijana alipona, na Januari alirudi shule. Ile chupa hakuuziwa na mtu. Ililetwa na ndugu kutoka mjini kama zawadi ya babu, ikawekwa mezani, ikasahaulika.

Sasa niruhusuni hesabu kidogo. Chupa ya bia ya mililita 500 yenye kilevi asilimia 5 ina mililita 25 za kilevi chenyewe. Chupa ndogo ya pombe kali ya mililita 200, yenye asilimia 35, ina mililita 70. Maana yake ile chupa ndogo inayoingia mfuko wa koti ni karibu sawa na bia tatu kubwa. Watoto watatu wanaweza kuimaliza kwa dakika kumi kwa sababu wanashindana na wanaogopa kukutwa. Mtu mzima wa kilo 80 na mtoto wa kilo 40 wakinywa kiasi kile kile, kwa mtoto ni kama mara mbili. Ongezeni kwamba mtoto huyo mara nyingi hajala, kwa sababu nyama inaanzia kwa wageni.

Kilevi kikishaingia hakina njia ya mkato ya kutoka. Ini hukitoa polepole kwa saa kadhaa. Kahawa haikiharakishi, wala maji ya baridi, wala maziwa. Tena kiasi cha kilevi kwenye damu huendelea kupanda hata baada ya mtu kuacha kunywa, kwa sababu kilichomo tumboni bado kinaingia. Ndiyo maana kusema "mwacheni alale, itamtoka" ni hatari. Kwa mtoto sukari ya mwili inaweza kushuka, joto la mwili likashuka, pumzi ikapungua, na akitapika amelala chali anaweza kupaliwa akafa kimya. Hapo sijataja kuanguka mtoni, kupanda bodaboda na dereva aliyelewa, au binti kudhuriwa na mtu aliyengoja alewe.

Na yapo madhara yanayokuja baadaye. Ubongo wa binadamu unaendelea kukua hadi miaka ya ishirini na kitu, na sehemu inayochelewa zaidi ni ile ya kujizuia na kupima matokeo. Anayeanza kunywa mapema ana hatari kubwa zaidi ya kuwa mtumwa wa pombe ukubwani. Na sisi tuna sababu ya kuogopa kuliko wengine. Mwaka 2015 ulichapishwa utafiti uliofanywa kwa vijana wa miaka 15 hadi 24 wa mikoa ya Mwanza na Kilimanjaro. Matumizi ya pombe yalikuwa makubwa zaidi Kilimanjaro.

Najua wazee wangu mnaniangalia, mnangoja nifike kwenye mbege. Nimefika. Sikuja kuishitaki mbege. Kupika mbege ni kazi ya siku kadhaa: ndizi zivunde, zichemshwe, ulezi uoteshwe na kusagwa, gome la msesewe litafutwe. Inapikwa kwa idadi ya watu, inanyweka mchana mbele za watu, kata inaanzia kwa mkubwa na kuteremka kwa utaratibu, na chombo kikiisha kimeisha. Ndani ya utaratibu ule mtoto hakuwa na zamu. Tulichofanya sisi ni kuuacha utaratibu na kubaki na ulevi. Chupa za siku hizi haziishi, hazina mkubwa wala mdogo, na zinanyweka gizani. Lakini tuwe wakweli pia: mbege ni pombe. Kumwonjesha mtoto mdogo ili alale, au kumpa kata kwa sababu "hii ni chakula", ni kumpa pombe.

Wengine mtasema, sisi tulikunywa tangu utoto na tumekua. Jibu langu ni la kihasibu: ukihesabu waliomo ukumbini, huwezi kuwaona waliopotea. Kila ukoo hapa una majina ambayo hatuyataji kwenye sherehe, vijana walioanza kama utani na leo wako kwenye vilabu tangu asubuhi, au wako kaburini. Nao wahesabiwe.

Na wapo wanaosema, afadhali anywe nyumbani nikimwona kuliko akajifiche. Hoja hii ina upendo ndani yake, lakini imepimwa ikakosa ushahidi. Huko Australia vijana wapatao 1,900 walifuatiliwa kwa miaka sita, na matokeo yakachapishwa mwaka 2018. Hakukuonekana faida yoyote kwa waliopewa pombe na wazazi. Kinyume chake, walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuipata pia kwa watu wengine. Mtoto akipewa na baba, anaelewa kwamba ameruhusiwa.

Kuhusu sheria nitasema kwa kifupi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18, na inakataza kumuuzia pombe na kumruhusu kuingia baa. Mnakumbuka pia Machi 1, 2017 Serikali ilipopiga marufuku pombe ya viroba, kwa sababu ilikuwa rahisi, inafichika, na vijana walikuwa wanaangamia. Viroba viliondoka, lakini chupa ndogo zimechukua nafasi. Na gongo lipo, nalo hakuna anayejua lina nini ndani. Likiwa na methanoli linaweza kupofusha au kuua, hata kwa kiasi kidogo. Wenye maduka na baa kule nyumbani ni ndugu zetu na wengine ni wanachama. Tuwaombe kwa heshima wasimuuzie mtoto, hata akisema ametumwa na baba. Na sisi tusimtume.

Naomba kila mmoja akumbuke haya ya dharura, na akayaseme nyumbani. Mtoto aliyelewa usimwache peke yake. Kama haamki ukimwita na kumfinya, anatapika akiwa usingizini, anapumua polepole sana au pumzi inakatika kwa sekunde 10 na zaidi, amekuwa wa baridi, midomo imebadilika kuwa ya bluu, au anatetemeka kama mwenye degedege, hapo ni hospitali mara moja. Mlaze kwa ubavu, siyo chali. Mfunike apate joto. Usimtapishe, usimpe kahawa wala maziwa, usimmwagie maji. Nendeni na chupa aliyokunywa ili daktari aione. Namba ya dharura ya polisi ni 112, na ya kusaidia watoto ni 116, zote bila malipo.

Na hapa naomba niwageukie vijana wa kule nyuma. Sitawahubiria. Nawaomba jambo moja tu: mwenzenu akianguka, msimfiche kwa kuogopa fimbo. Binamu wa yule kijana walimwacha kwenye migomba kwa sababu waliogopa kupigwa. Wazee, nanyi naomba ahadi mbele ya mkutano huu: mtoto atakayekuja usiku kusema "fulani haamki" hatapigwa. Atashukuruwa kwanza. Maswali yatangoja asubuhi.

Sasa tufanyeje? Sisemi sherehe ziishe. Tunapanda nyumbani mara moja kwa mwaka, tufurahi. Kamati ya chama imekaa na kukubaliana tuwaletee mapendekezo haya.

Kwanza, kila sherehe iwe na mtu mzima mmoja wa vinywaji, mwenye ufunguo wa stoo. Mtoto asitumwe kuleta, kufungua, kumimina wala kukusanya chupa. Chupa zinazobaki zihesabiwe na kufungiwa usiku ule ule.

Pili, watoto wale kwanza, tena vizuri. Wawekewe meza yao ya mtori, machalari na nyama, na ndafu ikikatwa nao wasogezwe. Vinywaji visiwe maji ya bomba na soda moja ya kugawana. Wapewe juisi ya pasheni na ya parachichi, maziwa mgando, chai ya tangawizi jioni baridi ikishuka. Togwa ni nzuri, ila itengenezwe na kunyweka siku hiyo hiyo, kwa sababu ikikaa inaumuka na kuanza kuwa pombe. Mtoto aliyeshiba na aliyeheshimiwa hana haja ya kuzunguka nyuma ya nyumba.

Tatu, Kipaimara na komunyo ya kwanza ziwe bila pombe mpaka sherehe ya mtoto ifungwe. Kama lazima kuwe na shampeni, iwe ya zabibu isiyo na kilevi, na someni lebo: iandikwe asilimia sifuri.

Nne, kila nyumba yenye sherehe itaje dereva mmoja asiyekunywa, jina lake litangazwe na mshereheshaji mapema, kila mtu amjue.

Tano, mkesha wa Krismasi na wa mwaka mpya, mtoto aende na mtu mzima na arudi na mtu mzima huyo huyo.

Sita, tusibebe chupa kama zawadi. Babu anahitaji blanketi, sukari, redio, na mtu wa kukaa naye akasikiliza.

Saba, tarehe 27 Desemba iwe Siku ya Watoto, kwenye uwanja wa shule. Kuwe na mpira wa miguu na netiboli, watoto wa nyumbani na wa mjini wakichanganywa katika timu moja. Pawe na kwaya, mbio, bao na drafti. Asubuhi vijana wapelekwe kwenye maporomoko ya Kinukamori, na waoneshwe mifereji ya maji iliyochimbwa na babu zao, ambayo wengi wa watoto wetu wa mjini hawajawahi kuifuata hata hatua kumi. Wazee wawasimulie historia ya koo na ya mzee Yohani Kinyala Lauwo, anayekumbukwa hapa kwetu kuwa miongoni mwa walioongoza msafara wa Hans Meyer wa mwaka 1889. Mtoto akiulizwa Januari alifanya nini nyumbani, awe na la kusimulia.

Haya yote yanahitaji fedha, na hapa narudi kwenye uhazini wangu. Kamati inaomba kitu kimoja, tumekiita Kreti Moja. Kila familia inayopanga kununua vinywaji msimu huu itoe kwa chama bei ya kreti moja. Kama ulipanga kreti kumi, nunua tisa. Kama ulipanga mbili, nunua moja. Wageni wako hawatajua, lakini chama kitajua. Asiyetumia pombe kabisa naye anakaribishwa, atoe kadiri alivyojaliwa.

Fedha hizo zitalipa chakula na maji ya Siku ya Watoto, mipira na jezi, na gari moja la dharura lenye dereva asiyekunywa, litakalokaa tayari usiku kuanzia tarehe 24 Desemba hadi tarehe 1 Januari. Namba yake itabandikwa makanisani, msikitini na ofisi ya kijiji. Kitakachobaki kitaingia kwenye bweni la wasichana ambalo mnajua limefika kwenye lenta. Kila atakayetoa atapata stakabadhi, na kabla Januari haijaisha mtaona mapato na matumizi yamebandikwa mahali hapo hapo. Nitakayoyaandika, mtaweza kuyakagua.

Wazee wetu walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Kumwambia mtoto "hapana" mbele za wageni kunaleta aibu kidogo, na kumwambia shemeji "usimpe" kunaleta ubishi kidogo. Aibu hiyo inaisha jioni ile ile. Bibi aliyemkuta mjukuu wake kwenye migomba mpaka leo hataki sherehe nyumbani kwake, na siwezi kumlaumu. Tupande salama, tufurahi, na tarehe 2 Januari tushuke tukiwa na watoto wote tuliopanda nao, tukiwaacha wa nyumbani wakiwa wazima.

Bahasha ziko mezani kwa katibu. Tukutane nyumbani.